UZI: Nairobi inakunywa Tana na kumwaga Athi. Tuufuate mto kutoka Ondiri hadi Sabaki

#1 MwanaMotoine

Wadau, kila mvua ya masika ikija mitandao hujaa picha za Mathare na Mukuru, watu wanalaani wiki mbili tatu, kisha kimya hadi mwaka unaofuata. Leo sitaki tulaani. Nataka tuufuate mto wenyewe kutoka unakochipuka hadi unakoingia baharini, maana wengi wanaovuka daraja la Museum Hill kila asubuhi hawana habari yale maji ya chini yanaelekea wapi. Wapo wanaodhani yanaishia Dandora.

Kabla hatujaondoka, jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Maji ya bomba lako hayatoki mto wowote unaopita mjini. Mengi yanatoka Ndakaini kule Murang'a, bwawa lililokamilika 1994 kwenye mto Thika, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Mengine yanatoka Sasumua, Kinangop, bwawa la 1956 lililozuia kijito kinachoingia Chania. Chania humwagika Thika, Thika humwagika Tana. Yangeachwa, maji hayo yangepita Masinga, yazungushe mitambo ya umeme, yapite Garissa, yatokee Kipini. Sisi tunayakatiza juu, tunayasafisha Ng'ethu na Sasumua, yanateremka kwa mabomba hadi Gigiri na Kabete. Tunapika, tunaoga, tunavuta choo, halafu tunayaachilia katika bonde la mto mwingine kabisa, Athi. Tana inapunguziwa, Athi inaongezewa, na inachoongezewa kila mtu anakijua kwa pua.

Sasa tuanze safari. Mto Nairobi unachipuka Ondiri, kinamasi kilicho pale Kikuyu, mwinuko wa karibu mita 2,000. Mimea imesukana ikawa zulia linaloelea juu ya maji, ukilikanyaga linatikisika. Asiyepajua asiende peke yake, pana kina. Ukisimama pale maji ni ya kawaida tu, unaweza kuoshea uso.

Kitongoji hicho hicho ndicho Waingereza walikoanzia kujipenyeza bara. Mwaka 1890 Lugard, akiitumikia Imperial British East Africa Company, alipanda kutoka pwani kwa kufuata Sabaki, ambao ndio mwisho wa mto huu huu wa Athi, akafika Machakos, kisha akajenga ngome Dagoretti. Ngome hiyo haikudumu, ikafuata Fort Smith pale Kabete 1891. Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekuwa amewapokea kwa kiapo, alikamatwa akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi 1892. Angalieni ramani: mzungu alipanda na mto, na Waiyaki akateremshwa kuelekea huko huko mto unakoteremka. Mimi siwezi kupita Kikuyu bila kulikumbuka hilo.

Kutoka Ondiri mto unapita Dagoretti, Kawangware, Lavington, Kileleshwa, Chiromo, unatokea Museum Hill. Hapo ndipo mji ulipoukuta. Reli ilifika 30 Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Palikuwa tambarare ya mwisho kabla treni hazijaanza kuparamia kwenda Kikuyu na kushuka Bonde la Ufa, na palikuwa na maji ya kutosha injini za mvuke. George Whitehouse, mhandisi mkuu, akahamishia makao ya reli hapa. Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe pale tangu zamani. Palifaa sana ng'ombe. Kujenga mji ni jambo jingine. Kuanzia Globe hadi Kamukunji palikuwa kinamasi cha mafunjo, na soko la Wahindi likawekwa ukingoni mwake. Tauni ilipozuka 1902, soko zima likatiwa moto.

Badala ya kuhamisha mji, wakaamua kuwapanga watu kwa rangi. Ripoti ya Profesa Simpson ya 1913 ilipendekeza watu watengwe kwa kisingizio cha usafi. Wazungu wakabaki magharibi kwenye miinuko na miti, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, halafu mitaa mingine ya Eastlands. Mto unatoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo mpangilio ule wa 1913 bado unaonekana katika maji hadi leo: anayekaa chini anapokea cha aliye juu.

Baada ya Globe, mto unapita nyuma ya Kirinyaga Road, ile sehemu ya spea tunayoiita Grogan, unaingia Gikomba, Shauri Moyo, unaizunguka Eastleigh kwa chini, unafika Dandora. Jaa la taka la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa limejaa 2001, na malori bado yanaingia. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi, yale madini, kwenye damu kupita kiwango. Mto unapita ubavuni mwa jaa lenyewe.

Mathare unajiunga upande huo wa Dandora na Korogocho. Ngong, ambao kule juu ni Motoine wangu, unapitia Kibera, Industrial Area na Mukuru kabla ya kujiunga mbele ya Njiru. Hapo vyote ni mto mmoja, unapita Ruai, unaingia Athi. Athi inaruka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, inapinda kuelekea kusini mashariki, inapokea Tsavo na kuitwa Galana, inafika Malindi ikiitwa Sabaki.

Haya, wa Kibwezi, wa Malindi, wa Ruai, mko wapi? Semeni mnachokipokea.

#2 Gikomba_Camera

Mzee Motoine, umenipeleka hadi shule ya msingi na kunirudisha. Mimi nauza viatu hatua chache kutoka huo mto na sikujua habari ya Ondiri hata siku moja. Ukiuona hapa kwetu huwezi kuamini unaoshewa uso popote.

#3 MwalimuWaJio

Asante mwanzisha uzi. Niongeze kuhusu mwinamo wa ardhi, kwa sababu ndio unaoeleza mafuriko.

Magharibi yetu kuna ukingo wa Bonde la Ufa. Mvua inayonyesha upande wa pili wa Ngong Hills, zenye kilele cha kama mita 2,460, inateremka bondeni, na huko hakuna mto unaotoka kwenda baharini. Yale maji yanaishia kwenye ardhi na maziwa ya chini au yanakaushwa na jua. Mvua ya upande wetu, hatua chache tu kutoka pale, inaanza safari ya Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo sababu mito yetu yote inaelekea mashariki, moja kando ya mwingine: Mbagathi, Ngong, Nairobi, Mathare, Ruaraka, Kamiti. Katikati yake kuna vijito ambavyo watu wamevifanya majina ya barabara tu, kama Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo.

Kutoka Kikuyu hadi kituo cha reli, ambacho kipo kwenye mita 1,660 hivi, ardhi inashuka zaidi ya mita 300 kwa umbali mfupi. Maji yanakuja kwa kasi. Baada ya hapo mteremko unakwisha ghafla, unaingia tambarare za Athi. Maji yenye kasi yakifika mahali bapa yanapunguza mwendo, yanatua tope, yanatanuka. Udongo nao ni mwingine. Juu kuna udongo mwekundu unaonyonya maji. Mashariki kuna ule mweusi unaonata, ukilowa unavimba na kuziba, na maji yanabaki juu kama sahanini. Mtu akisema Embakasi na Mukuru wanafurika kwa sababu ya takataka, anasema sehemu tu. Hata pangefagiwa kila siku, pale ndipo maji yanapopumzikia. Kosa ni kuwaweka watu wasio na pesa mahali hapo kisha kuwashangaa.

Halafu paa na lami. Kilimani ya nyumba moja katikati ya bustani ilikuwa inanyonya mvua. Kilimani ya maghorofa na maegesho ya saruji hainyonyi kitu, kila tone linakwenda Kirichwa saa hiyo hiyo.

Jambo dogo la kando: Arboretum, ambako Kirichwa Kubwa unapita, ilianzishwa 1907 kujaribia miti inayokua haraka, kwa sababu treni zilikuwa zinachoma kuni na misitu ya karibu ilikuwa inakwisha. Reli ilileta mji, ikala misitu, kisha ikapanda mikaratusi. Na mikaratusi inakunywa maji sana, ndiyo maana leo kila kamati ya mto inaanza na kuing'oa kandokando ya vijito.

#4 PhaseTano

Yote mazuri, lakini tusizungukezunguke. Nani anatupa mifuko ya kinyesi mtoni? Nani anapika chang'aa Mathare na kumwaga mabaki humo? Watu wa mabanda. Wakiondolewa ukingoni, mto unapona. Kwisha.

#5 FundiBomba

Ndugu PhaseTano, mimi kazi yangu ni mabomba, hasa ya maji taka, na nimeingia mashimo ya Lavington na ya Huruma. Hebu nikueleze yanavyokwenda.

Maji taka hayapandi mlima bila pampu, na pampu ni gharama. Kwa hiyo mhandisi yeyote analaza bomba kuu bondeni, kandokando ya mto, literemke lenyewe hadi mtambo wa kusafisha wa Kariobangi au hadi mabwawa ya Ruai. Ni akili nzuri bomba likiwa zima. Likiziba, kinachofurika kiko hatua mbili kutoka mtoni, hakina pengine pa kwenda. Na linaziba kwa nini? Nepi, matambara, mafuta ya hoteli yaliyoganda, mawe. Mifuniko ya chuma inaibwa inauzwa kwa wa vyuma chakavu, shimo linabaki wazi, mvua inaingiza mchanga. Hapo hata mtaa wenye askari getini unamwaga mtoni bila kujua, kwa sababu chooni kwao kila kitu kinaondoka vizuri tu.

Pili, bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba moja yenye uwanja leo linapokea jengo la ghorofa kumi na kitu. Jirani naye hivyo hivyo. Hakuna aliyelipanua. Fundi asiye na haya anaambiwa na mwenye jengo, "Unganisha popote," naye anaunganisha kwenye mtaro wa mvua. Mtaro wa mvua unakwenda wapi? Mtoni moja kwa moja, haupiti popote pa kusafishwa. Usiku wa mvua kubwa ndio wakati wanaopenda kufungulia mashimo ya choo, maana harufu inapotea. Na viwandani ni mtindo huo huo, rangi ya maji ya Ngong River inabadilika kufuatana na kinachotengenezwa wiki hiyo.

Mtu wa Mathare hana bomba la kuziba. Hakuwahi kuwekewa. Anachotoa kinaonekana kwa macho kwa sababu kinapita juu. Cha Lavington kinapita chini na kinatokea Museum Hill.

Kuhusu Ruai: yale mabwawa ni makubwa kweli, jua na mwani ndivyo vinavyofanya kazi, na maji yanayotoka upande wa pili ni nafuu kuliko mto unaopita kando yake. Sijui kama mnanielewa. Mtambo wa maji taka unatoa maji safi kuliko mto. Sehemu kubwa ya uchafu wa Nairobi haifiki mtamboni.

#6 Gikomba_Camera

Fundi umemaliza 😂 nimecheka halafu nikakasirika.

#7 MwenyejiLavington

Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Kiwanja chetu kimepakana na mto, hatimiliki ni ya marehemu baba, ya tangu miaka ya sabini, na tunalipa kodi ya ardhi ya kaunti. Leo naambiwa mita 30 za ukingo si zangu. Kesho wanasema 10. Afisa mwingine alikuja akasema 6. Mnataka tufuate sheria gani? Na niseme wazi: maji yanayofika kwetu tayari ni machafu kutoka Kawangware, kwa hiyo hata huu wimbo wa "wa juu anamchafua wa chini" una mistari mingine.

#8 MwanaMotoine

Dada Lavington, karibu, na asante kwa kuja na jina la mtaa wako. Kawangware umesema kweli, iko juu yenu. Pale pia mabomba hayakufuata watu.

Juu ya vipimo, kanuni za rasilimali za maji zinasema ukingo usipungue mita 6 wala usizidi 30, ukipimwa kutoka alama ya juu kabisa maji yanapofika, na upana wa mto ndio unaoamua katikati ya hapo. Sheria za mipango ya miji na za upimaji wa ardhi zina lugha zao. Kwa hiyo maafisa watatu wanaweza kuja na namba tatu na kila mmoja ana karatasi. Hiyo ndiyo nafasi ambayo pesa hupitia.

Lakini tazama nani huvunjiwa. Agosti 2018 buldoza ziliangusha Ukay Centre pale Westlands na South End Mall pale Lang'ata, majengo ya wenye uwezo, mchana kweupe, tukashangilia. Kelele zikazimika baada ya wiki chache na majengo mengine yaliyotiwa alama yakabaki. Mei 2024, baada ya mafuriko, amri ilikuwa watu wa ukingoni waondoke, na buldoza zikaingia Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanaanika magodoro. Maghorofa ya juu ya mto yaliyopunguza njia ya maji yalikuwa yamesimama pale pale. Sisemi watu wakae ndani ya mto. Nasema ukivunja chini bila kugusa juu, maji yanayokuja ni yale yale.

#9 BintiKibwezi

Hamjambo wote. Nimewasoma tangu asubuhi. Nipo Nairobi kikazi lakini nyumbani ni Kibwezi, na Athi ndio mto wa utoto wangu, kwa hiyo nizungumzie sehemu ambayo mzee Motoine ameiruka kwa sentensi moja.

Baada ya Fourteen Falls, Athi inaingia Ukambani. Upande wa kushoto wake, ukiteremka, imelala Yatta, ule mlima uliokatwa kichwa. Ni mtiririko wa lava ulioganda, karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Mto unaufuata ubavuni kama mtu anayetafuta mlango, hadi Tsavo. Wazee wetu walitumia njia hizo kupeleka pembe za ndovu pwani katika karne ya 19, na kurudi na nguo, shanga na chumvi. Misafara ya Wakamba ilizijua njia kabla ya mzungu yeyote kuzichora. Waliompeleka mmisionari Krapf Kitui, akauona Mlima Kenya Desemba 1849, walikuwa watu wa biashara hiyo hiyo.

Huku kwetu mvua ni chache na mto ndio uhai. Watu wanachota, wananywesha, wanamwagilia nyanya na sukuma zinazorudi Nairobi kuuzwa. Mama aliyenunua sukuma Marikiti leo, huenda amenunua maji yake ya juzi.

Sasa sikieni hili. Bwawa la Thwake linajengwa pale Thwake inapoingia Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ujenzi ulianza 2018. Likijaa litabeba mita za ujazo milioni 688, karibu mara kumi ya Ndakaini. Linakusudiwa kuwapa watu maji ya kunywa, umwagiliaji na umeme. Maji yenyewe ni hii Athi mnayoijadili. Mkaguzi Mkuu wa Serikali amekwisha kuonya kuhusu uchafu unaotoka juu. Bwawa si mto. Mtoni uchafu unapita, bwawani unatua chini na kukaa, hasa madini mazito. Kwa hiyo Nairobi inaletewa maji ya milimani kutoka Tana, na Mkamba anajengewa bwawa la kuhifadhi kilichobaki baada ya Nairobi kuyatumia. Nikiwa na hasira mnisamehe.

#10 PhaseTano

Dada, hilo la Thwake sikulijua. Mara kumi ya Ndakaini? Basi nalegeza kamba kidogo. Kidogo tu. Chang'aa bado iko.

#11 Msabaki

Asalaam alaykum jamani. Mmetuita watu wa Malindi, tumekuja, mtuvumilie maneno yetu ya pwani.

Sabaki yamwagika kati ya Malindi na Mambrui. Ukisimama darajani msimu wa mvua za bara, hata kama huku kwetu jua lawaka, utaona maji mekundu yaja, na baada ya siku chache bahari yageuka rangi hadi mbali. Watalii hukasirika, wavuvi huhama. Ufuo wa Malindi wenyewe umesogea mbele kwa mchanga na tope la mto; mwenye hoteli aliyejenga karibu na maji zamani, leo atembea.

Wapo wanaosema mto ulikuwa mwekundu tangu enzi za Vasco da Gama, alipotia nanga hapa Aprili 1498. Wataalamu wakaenda kulisoma tumbawe. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka kila mwaka, na udongo unaoletwa na mto huacha alama ya bariamu ndani yake. Walitoboa tumbawe moja la huku lenye umri wa miaka kama 300, wakachapisha walichokiona mwaka 2007. Miaka mingi ya mwanzo udongo ulikuwa mdogo, na hata ukame na mvua kubwa havikuubadilisha sana. Mambo yakaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara na wenyeji wakabanwa kwenye vipande vya mteremko, kisha yakazidi baadaye. Reli yenu ya 1899, kinamasi chenu, mashamba ya Kiambu na Machakos, yote yameandikwa baharini kwetu, mwaka kwa mwaka. Bwana Motoine, ulisema Dandora ndio mwisho kwa wengine. Kwetu ndiko kitabu kiliko.

Na kunywa, twanywa. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, vyachota maji yaliyochujwa na mchanga wa mto, yapelekwa Malindi, Kilifi, hata Mombasa. Mchanga ni mchujaji mzuri, Mungu ameuweka. Tena Galana haitoki Nairobi peke yake: Tsavo inaleta maji ya Mzima, chemchemi za Chyulu, maji ya kioo yale. Ndiyo yatuokoayo. Lakini kila mwaka mtu anayewaza ajiuliza mchanga utavumilia hadi lini.

#12 MwalimuWaJio

Msabaki, hilo la tumbawe nitalipeleka darasani Jumatatu. Asante sana.

Nimjibu pia aliyeniuliza faraghani kama Athi inaanzia Nairobi au Mbagathi. Wapimaji wengi wanaufuata Mbagathi, ule unaopita mpakani kusini mwa mbuga ya Nairobi na kuitwa Athi mbele yake. Nairobi ni tawi linaloingia baadaye. Wakati wa kiangazi, hata hivyo, tawi lina maji na shina halina, kwa sababu tawi linalishwa na mabomba yetu. Wenye mashamba ya Ruai wanaolima Januari wanalima kwa maji ya Ndakaini.

#13 Gikomba_Camera

Mzee Motoine, na ile Nairobi Dam? Babu yangu husema watu walikuwa wakiendesha mashua pale. Nilidhani ni hadithi za uzeeni.

#14 MwanaMotoine

Babu yako hakukudanganya. Nairobi Dam ilijengwa 1953 kwenye mto wangu, na kulikuwa na klabu ya mashua za tanga. Kibera ilikuwepo tayari juu yake, ardhi waliyopewa askari wa Kinubi na wakoloni mwanzoni mwa karne, lakini watu walikuwa wachache. Watu wakaongezeka, mabomba hayakuongezeka, tope likajaa, magugu maji yakafunika yote. Leo kuna mahali wanalima juu ya kile kilichokuwa maji.

Juhudi zimekuwepo, tusiseme hakuna. UNEP, ambao makao yao yako hapa Gigiri, walianzisha mpango wa bonde la mto Nairobi 1999. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, kuanzia 2008, aliusafisha kuanzia pale Globe hadi watu wakaanza kupumzika ukingoni. Alipofariki 2012 mambo yakalegea, ingawa ile bustani yenye jina lake bado ipo. Desemba 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 Rais Ruto akazindua mpango wa shilingi bilioni 50 wa kama kilomita 27 za mto, vijana wakaajiriwa kuzoa taka na kuchimba kingo.

Maoni yangu, mnipinge: kuzoa taka kwa mikono kunaonekana kwenye picha, bomba jipya la maji taka halionekani. Nikiulizwa pesa zianzie wapi, nitasema zianzie alikosema FundiBomba. Kingo zikipandwa nyasi na mabomba yakabaki yale yale, tutakuwa na nyasi nzuri kando ya choo.

#15 FundiBomba

Nakupinga kidogo tu mzee. Vijana wa kuzoa taka ndio wanaojua kila shimo linalotema. Wangepewa daftari tu, kila wanapoona bomba linamwaga waandike mahali na siku, kwa mwezi mmoja ungekuwa na ramani ambayo ofisi nyingi hazina. Mimi najua mashimo yangu, mwenzangu anajua ya Komarock, hakuna anayetuuliza.

#16 MwenyejiLavington

FundiBomba, nitumie ujumbe. Kama kuna njia ya kujua kiwanja chetu kinaunganishwa wapi, nataka kujua kabla mvua hazijaanza. Na majirani wawili nitawaleta, wapende wasipende.

#17 FundiBomba

Sawa dada. Njia ni rahisi, tunatia rangi chooni, halafu mtu anasimama shimo la chini na mwingine anasimama mtoni. Ikitokea mtoni, msinikasirikie mimi.

#18 BintiKibwezi

Wekeni majibu hapa hapa kwenye uzi, ikitokea mtoni au isitokee. Tena tumieni rangi isiyodhuru, tafadhali, maana sisi ndio tutakaoinywa.